Vita Viliwapa Mama Zetu Mzigo, Havikuwapa Neno



Kila mwaka, tarehe 8 Machi inapokaribia, husikika katika hotuba kwamba vita vilimkomboa mwanamke wa Kivu. Husemwa kwamba zamani alikaa nyumbani akimtegemea mume, na leo anasafiri, anauza, anajenga nyumba na kulipa masomo ya watoto. Wanaosema hivyo wameona jambo la kweli, lakini sisi tunaona kwamba wamelipa jina lisilo lake. Kuongezewa kazi na kupewa uhuru ni mambo mawili. Anayebeba nyumba nzima mgongoni hawi mwenye nyumba kwa sababu hiyo tu.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Mwanamke wa Kivu hakuanza kazi siku vita vilipoingia. Kabla ya 1996 alilima, alivuna, alitafuta kuni na maji, alipika na kulea. Mume alikuwa na ng'ombe wake, au mshahara wa serikali, au kazi katika mashamba makubwa ya chai na kahawa. Fedha zilipita mikononi mwa mume, na neno la mwisho lilikuwa lake. Nguzo hizo zilianza kutikisika mapema: uporaji wa 1991 na wa 1993 uliharibu viwanda na maduka ya nchi, na mshahara wa serikali ukawa kama hadithi. Kisha vita vya 1996 na vya 1998 vikaangusha kilichobaki. Ng'ombe waliporwa, mashamba yakaachwa, barabara zikafungwa. Wanaume waliuawa, walikimbia, au walichukuliwa jeshini kwa nguvu. Waliobaki waliogopa kutembea, kwa maana kijana wa kiume aliyekutwa njiani alidhaniwa kuwa mpiganaji wa upande fulani.

Hapo ndipo mama alipotoka, kwa kuwa watoto walilia njaa. Alinunua mihogo na maharagwe mbali ili auze mjini. Alipanda boti kutoka Idjwi na mizigo yake, alikausha na kuuza sambaza, alivuka mpaka wa Gisenyi na kikapu cha mboga, alisimama sokoni Kadutu au Birere toka asubuhi hadi usiku. Asiyekuwa na mtaji alikodisha mgongo wake: kamba katika paji la uso, gunia la makala au la mchanga nyuma, akipanda milima ya Bukavu kwa malipo ya mlo mmoja. Wengine waliingia katika machimbo, wakiponda mawe na kuosha mchanga, huku shimo lenyewe likiwa mali ya mwingine.

Njia hizo hazikuwa salama kwake pia. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999, ilijulikana duniani kote kwa kuwatibu wanawake waliobakwa katika vita hivi, na mwaka 2018 daktari Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi hiyo. Tukisema kwamba vita vilimkomboa mwanamke, tutawaambia nini wale waliovamiwa wakienda shambani? Neno letu lisiwe jiwe jingine juu ya mzigo wao.

Hata hivyo, tusikane yale ambayo akina mama walijijengea wenyewe katikati ya maangamizi. Walijua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika likelemba na katika MUSO, kila mmoja alitoa kidogo alichonacho, na wote walilinda hesabu. Aliyekuwa hajawahi kusimama mbele ya watu alichaguliwa kuwa mwekahazina. Aliyekuwa hajui kusoma alianza kuandika jina lake ili asidanganywe. Mjane aliyefukuzwa na jamaa za mumewe alipata wenzake wa kumtetea. Huo ndio ukuaji wa kweli, na sifa yake ni ya akina mama. Vita havina haki ya kuidai.

Historia inatufundisha pia kwamba mabadiliko ya wakati wa vita hupotea upesi yasipolindwa na sheria. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanawake wa Uingereza waliingia kwa wingi katika viwanda vya silaha na katika usafiri. Amani iliporudi, wengi waliondolewa ili wanaume warudi mahali pao. Mwaka 1918 walipewa haki ya kupiga kura, lakini kwa wenye umri wa miaka 30 na zaidi na kwa masharti. Usawa na wanaume ulingoja hadi 1928. Kwetu, katika Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliongeza mwaka 1942 siku za kazi ya lazima vijijini kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wanaume walipoitwa kwenye mpira na migodi, chakula cha nyumba kilibaki juu ya wanawake. Walipata malipo gani? Mwanamke wa Kongo alipata haki ya kupiga kura mwaka 1967 tu.

Na leo? Kwa upande wa maandishi, tumepiga hatua. Katiba ya 2006, katika kipengele cha 14, inadai usawa wa wanawake na wanaume katika uongozi. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Mageuzi ya 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo na kudai mapatano ya wote wawili, ingawa mume amebaki kuitwa mkuu wa nyumba. Mwaka 2024 Judith Suminwa alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya nchi yetu. Lakini katika Bunge lililochaguliwa 2006, mwaka uleule wa Katiba, wanawake walikuwa 42 kati ya wabunge 500. Na vijijini, ingawa sheria inawahesabu watoto wote, wa kiume na wa kike, kuwa warithi wa kwanza, shamba bado linakwenda kwa kaka. Dada analilima; akiolewa, analiacha; akifiwa na mume, hana pa kurudi.

Wako wanaojibu kwamba mama mwenye fedha humdharau mumewe, na kwamba nyumba zinavunjika. Tusiwadharau wanaosema hivyo. Mwanamume aliyenyang'anywa ng'ombe, kazi na usalama amejeruhiwa kweli, na wengi wameizamisha aibu yao katika pombe au katika ngumi. Lakini aliyewanyang'anya ni vita na utawala mbaya. Mke aliyeuza mboga ili wasife njaa hakuwaibia chochote. Na jeraha la mume haliponi kwa kumnyamazisha mke. Huanza kupona siku anapokubali kwamba heshima yake haikukaa katika kuamuru peke yake, akashika jembe, akachota maji, akaketi na mkewe kuhesabu fedha ya juma.

Vijana wapendwa, jambo hili linatugusa sisi kabla ya kuwagusa wabunge. Katika vikundi vyetu, ni nani anayepika siku ya sikukuu, na ni nani anayeshika daftari la fedha? Fedha ya masomo inapopungua nyumbani, ni nani anayetolewa shuleni kwanza? Kaka aliyemaliza kula huacha sahani kwa nani? Mtindo wa maisha ambao kesho tutauita desturi, tunaufunga leo kwa mikono yetu.

Tunapendekeza mambo matatu yaliyo katika uwezo wetu. Kila kikundi kigawe kazi na uongozi bila kutazama jinsia, na kibadilishe kwa zamu. Wavulana wajifunze kazi za nyumbani kwa moyo, bila kungoja msiba au vita. Na wale waliosoma wawasaidie wajane na mabinti kujua haki yao juu ya ardhi, na kuwasindikiza wanapokwenda kuidai, maana haki isiyojulikana haimlishi mtu.

Vita bado havijaisha Kivu, na mama zetu wangali njiani na mizigo yao. Wapokeeni mlangoni, mshike upande wa pili wa gunia. Kisha, wazee wanapokaa kuamua juu ya shamba, simameni mwombe kwamba mama naye aketi na kusema.