Bundi si Adui wa Mkulima

Katika skimu zetu nyingi, bundi akilia usiku juu ya paa watu hutoka na mawe kumwua, kwa kuwa husemwa kwamba analeta kifo. Wakulima wenzangu, mimi naona kwamba anayeuawa hapo ni mlinzi wa ghala.

Tazameni chini ya mti anapolala mchana. Mtaona vidonge vya manyoya na mifupa. Bundi hummeza panya mzima, kisha hutapika yale ambayo tumbo lake haliwezi kuyasaga. Vunjeni kidonge kimoja mhesabu mafuvu yaliyomo, nanyi mtajua kazi aliyoifanya usiku.

Panya wa mashambani huchukua mimba siku 23 hivi, naye aweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja. Mwaka 1962, baada ya ukame na mvua kubwa za 1961, panya walizidi sana katika mashamba ya Kenya wakaharibu mazao. Wakati kama huo bundi hawezi kuwashinda, maana yeye huzaa polepole. Kazi yake ni kuwapunguza wangali wachache, wasipate kuwa jeshi. Basi mwenye kumwua bundi leo, asimtafute siku panya watakapojaa.

Tena bundi hawamalizi panya wote. Wakipungua, naye hukosa chakula, akazaa wachache au akahama. Kwa hiyo mkulima asimwachie kazi yote. Ghala liinuliwe, miguu yake ivikwe bati, na majani ya kando yafyekwe.

Jambo jingine ni sumu. Panya aliyekula sumu nyingi za siku hizi hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa akiwa dhaifu, bundi akamkamata kwa urahisi, na sumu ikamwua bundi pia. Anayetupa sumu ovyo humwua panya mmoja pamoja na yule ambaye angekula mamia. Ikiwa lazima kuitumia, mwulizeni kwanza Bwana Shamba, na panya waliokufa wafukiwe.

Wako watakaosema kwamba bundi ni mkosi tangu zamani. Sibishani na wazee. Lakini asiyempenda na amwache alie, maana kilio chake hakili mahindi. Panya halii, naye ndiye anayemaliza chakula cha watoto.