Mbwa aliyeokolewa ana minyoo ya moyo: mambo ya kujua kabla ya kumleta nyumbani

Huenda hili limekutokea. Mwanao anakuonyesha picha ya mbwa kwenye simu. Mbwa ana miaka mitatu, ni mpole, anapenda watoto. Yuko kwenye kituo cha kuhifadhi wanyama na anatafuta familia. Chini ya picha wameandika kwamba ana minyoo ya moyo, na kwamba ada ya kumchukua imeondolewa. Mtoto anasubiri jibu. Wewe unajiuliza: huu ni ugonjwa gani, je, utampata mwanangu, na kwa nini mbwa mzuri hivi anatolewa bure?

Kwa familia zetu zinazoishi Marekani, swali hili liko karibu. Wengi wetu tulikulia mahali ambapo mbwa hulala nje na kulinda boma, na hatukuwahi kusikia mbwa akipimwa minyoo ya moyo. Huku ni ugonjwa wa kila siku, hasa kwa mbwa wa kuokolewa.

Jibu fupi ni hili. Mbwa huyo anaweza kupona, na mtoto hataambukizwa kwa kumgusa. Lakini sehemu kubwa ya matibabu haifanyiki kwa daktari. Inafanyika sebuleni kwako, kwa miezi kadhaa, na mara nyingi mama au mlezi ndiye anayeibeba. Una haki ya kulijua hilo kabla hujaweka sahihi.

Je, mtoto anaweza kuambukizwa?

Tuanze na hofu kubwa zaidi. Minyoo ya moyo haiambukizwi kwa kulambwa na mbwa, kumkumbatia, wala kusafisha kinyesi chake. Inaenezwa na mbu tu. Mbu akimuuma mbwa mgonjwa hunyonya damu yenye vijinyoo vichanga. Vijinyoo hivyo hukua ndani ya mbu kwa muda wa wiki mbili hivi wakati wa joto, kisha mbu huviingiza kwa mbwa mwingine anapomuuma.

Mtu naye anaweza kuumwa na mbu huyo, lakini mwili wa binadamu si makao ya mnyoo huu. Kwa kawaida hufa kabla ya kukomaa. Mara chache sana mnyoo uliokufa huacha kidonda kidogo kwenye pafu. Kwa hiyo kinachohitaji kuzuiwa nyumbani ni mbu.

Kwa mbwa, mambo ni tofauti. Baada ya kuingia, mnyoo huchukua miezi 6 hadi 7 kukomaa. Minyoo iliyokomaa hukaa kwenye mishipa mikubwa ya damu ya mapafu na, ikizidi, ndani ya moyo. Wa kike unaweza kufikia urefu wa sentimita 30, na minyoo hiyo huishi miaka 5 hadi 7. Mwanzoni mbwa haonyeshi dalili yoyote. Baadaye hukohoa, huchoka haraka, hupungua uzito, na ugonjwa ukikomaa tumbo hujaa maji. Asipotibiwa anaweza kufa.

Kwa nini mbwa wa kusini ndio wengi?

Majimbo ya kusini, kama Texas, Louisiana, Mississippi na Alabama, yana joto la muda mrefu, mvua, na mbu karibu mwaka mzima. Huko pia kuna mbwa wengi wanaoishi nje na wanaozurura. Hata mbwa mwitu wa Marekani, wale waitwao koyote, hubeba minyoo hii. Kwa hiyo mbu hawakosi damu ya kuchukua.

Lakini mbu peke yao hawaelezi kila kitu. Kinga ipo tangu zamani: kidonge cha kila mwezi chenye ivermektini kiliruhusiwa kwa mbwa Marekani mwaka 1987, na sasa zipo pia dawa za kupaka na sindano. Tatizo ni kwamba dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari wa wanyama, baada ya kipimo cha damu. Familia inayohesabu kodi ya nyumba na mafuta ya gari huahirisha. Mwezi mmoja unapita, kisha mwaka. Siku mbwa anapopotea au anapopelekwa kituoni kwa sababu familia imehama, minyoo tayari imo ndani. Ugonjwa huu unafuata umaskini kama unavyofuata maji yaliyotuama.

Ugonjwa unasafiri kwa gari

Vituo vya kusini vimejaa, na vya kaskazini vina nafasi na familia zinazosubiri. Ndiyo maana mashirika hupakia mbwa kwenye magari, na wakati mwingine ndege, kuwapeleka kaskazini na magharibi. Kazi hiyo huokoa maisha ya mbwa wengi. Lakini pamoja na mbwa, minyoo nayo husafiri.

Hili lilionekana wazi baada ya kimbunga Katrina, kilichopiga pwani ya Louisiana na Mississippi tarehe 29 Agosti 2005. Mbwa waliookolewa walitawanywa katika majimbo mengi. Watafiti waliopima kundi la mbwa hao walikuta karibu nusu wana minyoo ya moyo. Jimbo la Colorado ni mfano mwingine. Ni jimbo kavu, ambako ugonjwa huu haukuwa mkubwa. Kati ya 2014 na 2017 waliingizwa huko mbwa zaidi ya 100,000, na katika miaka hiyo mbwa waliopatikana na minyoo waliongezeka.

Wataalamu wa minyoo ya moyo Marekani wanashauri mbwa wapimwe kabla ya kusafirishwa, na walioambukizwa watibiwe kwanza inapowezekana. Wakilazimika kusafiri, wapewe dawa ya kuua vijinyoo vilivyo kwenye damu na dawa ya kufukuza mbu, ili wasilete maambukizi mapya. Ushauri huo ni mzuri, lakini kituo chenye vizimba vilivyojaa na fedha kidogo hakiwezi kumtunza kila mbwa kwa miezi ya matibabu. Hapo ndipo mzigo unapohamishwa.

Nini maana ya "ada imeondolewa"?

Ada ya kumchukua mbwa ni ndogo ukilinganisha na matibabu, ambayo kwa daktari wa kawaida yanaweza kufika dola mia kadhaa hadi zaidi ya 1,000, kutegemea uzito wa mbwa na hali yake. Vituo vingine hulipia matibabu yote hata baada ya mbwa kuja kwako. Vingine hulipia dawa lakini si vipimo. Vingine hukuachia yote. Tangazo linaweza kuwa na maneno yaleyale, lakini mikataba ni tofauti. Usione aibu kuuliza.

Wapo pia wanaomtoa mbwa kwa malezi ya muda: mbwa anakaa kwako wakati wa matibabu, kituo kinalipa, na akipona mnaamua. Kwa familia yenye kipato kidogo, mara nyingi hii ndiyo njia salama.

Matibabu yanavyokwenda

Kwanza daktari humwanzishia mbwa kinga ya kila mwezi na antibiotiki iitwayo doksisaiklini kwa siku 30. Antibiotiki hiyo huua bakteria wanaoishi ndani ya minyoo na kuidhoofisha. Kisha husubiriwa mwezi mmoja. Katika utaratibu unaotumika sana, siku ya 60 mbwa hupigwa sindano ya kwanza ya melasomini, ndani kabisa ya misuli ya mgongo. Siku ya 90 na 91 hupigwa nyingine mbili. Dawa hii ina aseniki na sindano yake inauma. Mbwa anaweza kulia na kukataa kuguswa mgongo kwa siku kadhaa. Mwonye mtoto mapema asimpapase hapo.

Sasa tunafika kwenye kazi yako. Minyoo ikifa huvunjika vipande, na vipande hivyo husukumwa na damu hadi kwenye mishipa ya mapafu. Mwili huvimeng'enya polepole. Mbwa akikimbia, moyo husukuma damu kwa nguvu, na vipande vinaweza kuziba mshipa. Mbwa aliyeonekana amepona anaweza kuanguka ghafla. Kwa hiyo anatakiwa kutulia tangu ugonjwa unapogunduliwa hadi wiki 6 hadi 8 baada ya sindano ya mwisho. Jumla ni karibu miezi mitano.

Miezi mitano bila kurusha mpira, bila kukimbizana uani, bila kupanda ngazi ovyo. Nje anatoka kwa kamba, polepole, kwa haja tu. Nyumba yenye watoto wadogo watatu na mlango unaofunguliwa kila dakika inapaswa kulifikiria sana jambo hili. Mtoto mkubwa anaweza kusaidia: kumsomea mbwa kitabu, kumpa chakula kidogo kidogo, kukaa naye sakafuni. Mtoto wa miaka minne hataelewa kwa nini hatakiwi kumkimbiza, na si kosa lake.

Mbwa akikohoa sana, akipumua kwa shida, akitema damu au akianguka, mpeleke kwa daktari mara moja bila kusubiri asubuhi.

Tahadhari na njia za mkato

Usimpe mbwa dawa ya minyoo ya ng'ombe, mbuzi au farasi. Hata kama ndani yake mna ivermektini, nguvu yake ni kubwa mno kwa mbwa, na baadhi ya mbwa wa jamii ya wachungaji wanaweza kufa nayo. Kwa mbwa ambaye damu yake imejaa vijinyoo, hata kinga ya kawaida ikianzwa bila daktari inaweza kumletea mshtuko. Dawa za mbwa ziwekwe juu, mbali na watoto, kama dawa za watu.

Maswali ya kuuliza kituoni

Alipimwa lini, na majibu yako wapi kwa maandishi?
Ameanza kinga na antibiotiki? Tarehe gani?
Nani atalipia sindano, picha za mapafu na vipimo vya baadaye?
Akizidiwa usiku, nimpigie nani simu?
Nikishindwa, mtampokea tena?

Uliza hata kama mbwa ameonekana hana ugonjwa. Kipimo cha kawaida hugundua minyoo ya kike iliyokomaa. Mbwa aliyeumwa na mbu miezi mitatu iliyopita ataonekana mzima. Kwa hiyo arudiwe kupimwa baada ya miezi 6, kisha kila mwaka, na apewe kinga mwaka mzima bila kuruka mwezi. Katika bonde la chini la Mto Mississippi kuna minyoo isiyosikia vizuri baadhi ya dawa za kinga, kwa hiyo dawa na vita dhidi ya mbu viende pamoja: mwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo na matairi, na muingize mbwa ndani jioni.

Ukisema ndiyo, weka tarehe za sindano kwenye kalenda ya jikoni na mgawanye kazi na watu wa nyumbani tangu siku ya kwanza. Ukisema hapana, au si sasa, mweleze mtoto sababu. Nyumba inayojua uwezo wake inamsaidia mbwa kuliko ile inayomrudisha kituoni sindano zikiwa nusu.