Wale ni Sisi

Wazee wa Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Bahati hawahitaji kusimuliwa habari za mlolongo. Mwezi wa Februari 1988, chama cha KANU kilipoteua wagombea wake wa ubunge, wapiga kura walipangwa mistari nyuma ya watu waliowataka. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na sanduku, wala hapakuwa na siri. Kila aliyekuwapo uwanjani aliona kwa macho yake mstari upi ulikuwa mrefu na upi ulikuwa mfupi. Hata hivyo, katika sehemu nyingi za nchi hii, mwenye mstari mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi, na aliyenung'unika akaitwa mchochezi.

Ndugu msomaji, twaanza na mlolongo kwa sababu katika toleo hili twataka kuzungumza juu ya vitabu vya hadithi. Huenda ukauliza: jarida la wapenda mabadiliko lina haja gani na hadithi za kubuni, ilhali mitaani hakuna maji na kodi ya nyumba inapanda? Twajibu kwamba wanaotunyima maji hawazipuuzi hadithi hata kidogo. Wamezipiga marufuku, wamezikamata madukani, na wamewafunga waliozitunga. Lile ambalo mtawala analiogopa kiasi hicho, mwananchi hana budi kulisoma.

Mwaka wa 1949 Mwingereza George Orwell alichapisha riwaya aliyoiita kwa jina la mwaka, 1984. Ndani yake mna karani ambaye kazi yake ni kuyabadilisha magazeti ya zamani ili ionekane kwamba wakubwa hawajawahi kukosea. Karani huyo anapoanza kuwa na shaka, anakamatwa na kuteswa mpaka akubali kwamba mbili na mbili ni tano. Orwell alikufa mwaka wa 1950, naye hakuuona mlolongo wetu. Lakini sisi tulioushuhudia mstari mfupi ukiushinda mrefu twaifahamu hesabu hiyo barabara. Shabaha ya mtesaji si kumfundisha mtu kuhesabu. Shabaha yake ni kumfanya ayakane macho yake mwenyewe.

Kabla ya Orwell alikuwapo Mrusi Yevgeny Zamyatin. Riwaya yake iitwayo Sisi yasimulia taifa ambalo raia wake hawana majina bali namba, nao wanaishi katika nyumba zenye kuta za kioo ili walinzi wawaone wakati wowote. Ilitoka kwanza New York, kwa tafsiri ya Kiingereza, mwaka wa 1924, kwa kuwa wakubwa wa nchi yake hawakukubali ichapishwe kwao. Warusi walikuja kuisoma waziwazi katika nchi yao mwaka wa 1988. Tazama jinsi mambo yalivyopishana! Mwaka ambao Moscow ilikifungulia kitabu mlango, Nairobi ilikuwa ikilifungia gazeti. Mwezi wa Machi 1988 gazeti la Beyond, lililochapishwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilipigwa marufuku baada ya kueleza yaliyotendeka kwenye mlolongo. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alishtakiwa na kuhukumiwa kifungo, si kwa kusema uongo, bali kwa kosa la kutowasilisha taarifa za mauzo ya gazeti. Pale ambapo ukweli hauwezi kukanushwa, hutafutwa fomu ambayo haikujazwa.

Yaliyofuata yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Nairobi Law Monthly lilipigwa marufuku mwaka wa 1990. Mwaka wa 1993, ilhali vyama vingi vilikwisha kurudi, polisi waliivamia kampuni ya uchapishaji ya Fotoform na kuiharibu mitambo yake ili magazeti ya upinzani yakose pa kuchapishiwa. Na kisa cha Matigari chazidi hadithi yoyote ya kubuni. Ngũgĩ wa Thiong'o aliichapisha riwaya hiyo kwa Kikuyu mwaka wa 1986. Ameeleza mwenyewe kwamba ripoti zilifika serikalini kuhusu mtu aitwaye Matigari, aliyekuwa akizunguka nchini akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Amri ikatolewa akamatwe. Ilipogunduliwa kwamba Matigari hana mwili wala kitambulisho, na kwamba makao yake ni kitabuni tu, kikakamatwa kitabu chenyewe mwaka wa 1987. Ngũgĩ aliaga dunia Mei 2025. Swali la Matigari halijafa.

Udhibiti wa namna hiyo una askari na amri. Upo mwingine usio na askari, nao ndio unaokaa muda mrefu zaidi. Sisi tuliolelewa katika vyumba vya mtaa, ambamo kikohozi cha jirani husikika kama chako, hatukuhitaji kuta za kioo ili tuogope. Tulifundishwa kwamba kuta zina masikio. Baba alizima redio mgeni alipobisha hodi. Mhubiri aliruka mistari ya nabii iliyomgusa mkubwa. Gazeti lilisomwa ndani ya gazeti jingine. Mtu anapofika hapo, mtawala hana haja tena ya kuchoma chochote, kwa kuwa kila raia amejiajiri mwenyewe kuwa mdhibiti wa nafsi yake, tena bila mshahara.

Mpaka hapa twajua kwamba wasomaji wetu wanakubaliana nasi. Ni rahisi kukubaliana tunapowanyoshea kidole wengine. Sasa twaomba uvumilivu.

Kipo kitabu kingine cha Orwell kijulikanacho sana kwetu. Fortunatus Kawegere alikitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, nacho kikachapishwa Nairobi mwaka wa 1967. Mwaka wa 1991 mchezo uliotokana na hadithi hiyo ulipigwa marufuku nchini Kenya, na wengi wetu tukacheka kwamba nguruwe wamejitambua kwenye kioo. Lakini hadithi ile haimhusu mwenye shamba aliyefukuzwa. Yawahusu waliomfukuza. Yawahusu waliolala pamoja na wenzao zizini, wakaandika amri njema ukutani, kisha wakaingia katika nyumba ya bwana na kuzibadilisha amri hizo usiku, neno baada ya neno.

Je, sisi hatukuyaona hayo? Tarehe 7 Julai 1990 watu wa mitaa hii walielekea Kamukunji wakapokewa kwa marungu na gesi. Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa katika katiba. Desemba 2002 serikali mpya iliingia kwa kura za wapenda mabadiliko, na ndani yake walikuwamo watu waliowahi kuwekwa kizuizini. Machi 2006, chini ya serikali hiyo hiyo, polisi waliofunika nyuso walizivamia ofisi za gazeti la The Standard usiku, wakakizima kituo cha KTN, na kuyachoma magazeti katika mtambo wa kuchapia ulioko Eneo la Viwanda. Eneo hilo si mbali na Makongeni. Na baadhi ya wenzetu, tusifichane, walinyamaza siku ile kwa sababu waliokuwa madarakani walikuwa watu wetu.

Kimya kile kilizaa mengine. Januari 2018 vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa. Aprili 2025 wasichana wa Butere walifika Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe kuucheza. Waliingia jukwaani mbele ya ukumbi usio na watazamaji, wakaimba wimbo wa taifa, kisha wakatoka, na nje polisi wakafyatua gesi. Tarehe 25 Juni 2025 vituo viliamriwa visitangaze maandamano moja kwa moja, na matangazo ya baadhi yao yakakatwa, mpaka Mahakama Kuu ilipoisimamisha amri hiyo. Katiba ya 2010 yalinda uhuru wa kujieleza na wa vyombo vya habari. Karatasi hiyo ni njema, lakini hata zile amri za ukutani zilikuwa njema.

Wana wa kanisa wanakijua kisa cha mfalme Yehoyakimu. Alisomewa gombo la nabii Yeremia akiwa ameketi karibu na moto, na kila kurasa chache zilipokwisha kusomwa alizikata kwa kijembe na kuzitupa makaani, mpaka gombo lote likateketea. Yeremia hakumlilia mfalme. Alimwita Baruku mwandishi, akamsomea maneno yale yale upya, na mengine mengi ya kufanana nayo yakaongezwa.

Basi wajibu wetu ni kuwa akina Baruku wa mitaa hii. Kwanza, tusome pamoja. Kaloleni na Makadara kuna maktaba za umma, na kila kanisa lina jumuiya. Jioni moja kwa mwezi yatosha kitabu kimoja kisomwe kwa sauti. Pili, tuandike tuliyoyaona kwa tarehe, saa na mahali, maana ushahidi usioandikwa huzikwa na mwenyewe. Agosti 2027 kura zikihesabiwa, fomu ya matokeo ikabandikwa mlangoni pa kituo, isomeni, inakilini, ipigeni picha, ili mstari mrefu usije tena ukaitwa mfupi. Tatu, na hili ndilo gumu, tumwache anayetukosoa katika mikutano yetu amalize hoja yake kabla hatujamwita msaliti.

Katama Mkangi, aliyetiwa kizuizini mwaka wa 1986, alichapisha riwaya mwaka wa 1995 kuhusu mtu aliyehukumiwa kufa kisha akajikuta katika nchi ya haki. Aliiita Walenisi. Litamke jina hilo polepole: wale ni sisi. Tumezoea kuwasema wale wanaochoma, wale wanaozima, wale wanaobadilisha maandishi ya ukutani. Tukishika hatamu kesho, wale ni sisi. Na tukinyamaza leo, vilevile, wale ni sisi.