Parokia Isigeuke Drive-In

Wakazi wa siku nyingi wa Dar es Salaam wakipita Msasani, kando ya Barabara ya Zamani ya Bagamoyo, bado huwaambia vijana: "Hapa ndipo palikuwa Drive-In." Vijana wanachokiona ni ukuta wa Ubalozi wa Marekani. Ni vigumu kwao kuamini kwamba mahali hapo, kuanzia mwaka 1966, magari yalipangwa usiku yakielekea skrini kubwa nyeupe, na familia zikatazama sinema zikiwa zimeketi garini.

Sinema ya namna hiyo ilianzia New Jersey, Marekani, mwaka 1933. Mwishoni mwa miaka ya 1950 nchi hiyo ilikuwa nazo zaidi ya 4,000. Zilipendwa kwa sababu nzuri. Mama mwenye mtoto mchanga hakulazimika kubaki nyumbani, maana mtoto akilia hakuna aliyegeuka kumkodolea macho. Chakula kilitoka nyumbani, na watoto wakisinzia walilazwa kiti cha nyuma.

Kisha zikaanguka. Miji ilipanuka, ardhi ikapanda bei, na kiwanja kikubwa kinachotumika saa chache za usiku kikaonekana hasara. Mikanda ya video ikaingia majumbani; miaka ya 1990 televisheni ikafika Tanzania Bara. Baada ya shambulio la bomu la Agosti 1998, Wamarekani walijenga ubalozi mpya kwenye kiwanja cha Drive-In.

Wengi husema kwamba siku hizo watu walikuwa na mahali pa kukutana. Hapo tunatofautiana nao kidogo. Wapo waliosalimiana kwenye foleni ya vinywaji, hatukatai. Lakini kwa sehemu kubwa ya usiku kila familia ilikuwa ndani ya gari lake. Wote walitazama kitu kimoja, kikaisha, wakawasha injini wakaondoka. Aliyezoea kutazama ndani ya gari lake hakupoteza mengi alipoanza kutazama sebuleni kwake. Ndiyo maana Drive-In haikuwa na watu wengi wa kuitetea.

Sasa tujiangalie sisi. Je, Jumapili zetu hazifanani na Drive-In? Tunafika, tunaketi mahali petu pa siku zote, tunatazama altare, na kabla wimbo wa mwisho haujaisha tumeshapanda bodaboda. Tumekaa benchi moja na mtu miaka mitatu na hatujui jina lake. Akiacha kuja, hatutambui. Muumini aliyezoea Misa ya namna hiyo ataona tofauti gani akiifuata kwenye simu? Kwa mgonjwa na mzee asiyeweza kutoka, simu ni msaada, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Kwa mzima wa afya inaweza kuwa sebule iliyoua Drive-In.

Hatusemi gari au skrini ni dhambi. Mwaka 1955, huko California, mchungaji Mprotestanti Robert Schuller alihubiri juu ya paa la kibanda cha vitafunwa cha drive-in, waumini wakimsikiliza wakiwa garini. Kazi yake ikakua hadi kujenga kanisa kubwa la vioo, ambalo Jimbo Katoliki la Orange lililinunua mwaka 2012 na leo ndilo kanisa kuu la jimbo. Kuwafuata watu walipo ni jambo jema. Lakini mkate mmoja haugawanywi kwa watu waliofungiana vioo.

Tunapendekeza mambo mawili. Waamini, baada ya Misa tubaki dakika kumi na tano, tujue jina la jirani wa benchi na jumuiya yake ndogo ndogo. Nasi waseminari, tukiwa likizo parokiani, tutundike shuka jeupe kwenye ukuta wa ukumbi, tuonyeshe filamu nzuri mara moja kwa mwezi, kisha taa ziwashwe na watu wazungumze juu ya walichokiona. Papa Pius XII, katika Miranda Prorsus ya 1957, alitaka waamini wafundishwe kutazama filamu kwa busara. Hilo halifanyiki kila mtu akiwa na simu yake kitandani.

Tuanze Jumapili hii, kwa jina la jirani mmoja.