Mafua ya nyumba nzima hayaponi kwa nusu dozi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu. Wiki iliyopita mafua yaliingia kwetu Keko Machungwa. Alianza kitinda mimba, akafuata kaka yake, kisha baba yao. Siku ya tatu nami nikalala. Sisi ni wapangaji wa chumba na sebule: akikohoa mmoja, wamekohoa wote.

Nilikwenda duka la dawa. Kabla sijamaliza kueleza, muuzaji alishanikatia vidonge vya amoksilini: "Nusu dozi inatosha, mama." Hakuuliza cheti cha daktari wala umri wa mtoto. Nikavikataa. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Tukiitumia ovyo leo, vijidudu vitaizoea, na siku mtoto akipata nimonia ya bakteria dawa itagoma.

Mdogo, aliyekuwa na homa, nilimpeleka zahanati apimwe malaria kwanza, maana homa ya Dar es Salaam si ya kubahatisha. Hakuwa na malaria. Basi ikawa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, uji mwepesi, kunyonya mara kwa mara, madirisha wazi, kila mtu na kikombe chake, na sabuni mlangoni.

Mzazi, mtoto akihema haraka, kifua kikibonyea, akishindwa kunyonya au akipata degedege, usingoje kukuche, mkimbize hospitali. Nanyi wauza dawa, ulizeni kwanza, ndipo muuze.

Mama wa watoto wawili,
Keko Machungwa, Temeke,
Dar es Salaam.