Kufungwa Uwanjani, Kushindwa Nyumbani



Wapenzi wasomaji, juma hili tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwani mwenye kuwausia watu hana budi kujiusia na nafsi yake.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kumtazama binti yetu akiichezea shule yake mpira wa magongo. Yuko kidato cha tatu, na ni mlinzi wa nyuma. Hadi dakika za mwisho hapakuwa na bao. Ndipo mpira ulipomgonga mguuni ndani ya nusu duara ya lango lao. Katika hoki, mguu wa mlinzi ukigusa mpira mahali hapo, wapinzani hupewa penalti kona: walinzi wanne na kipa husimama nyuma ya mstari wa lango, na wenzao wote hungoja katikati ya uwanja mpaka mpira usukumwe. Mpira ulisukumwa, ukasimamishwa, ukapigwa, ukaingia. Haikuchukua muda, filimbi ya mwisho ikalia.

Tulikuwa tumepiga kelele hadi sauti imetukauka, na bado hatukutosheka. Njia nzima ya kurudi tulihesabu makosa: kocha alichelewa kubadilisha wachezaji, washambuliaji walikuwa wazito, refa hakuwa na macho. Tulipofika kwenye ile penalti kona tukasema, "Na mguu ule ungeondolewa mapema, tusingefungwa." Hatukutaja jina. Haja ya kutaja haikuwapo.

Usiku ule binti hakula. Gongo lake alilisimamisha nyuma ya mlango wa stoo, akaingia chumbani. Baada ya swala ya isha mama watoto akatwambia kwa upole, "Bwana, yule ni mwanao kabla hajawa mchezaji. Uwanjani amefungwa mara moja, na garini ukamfunga mara ya pili." Tulinyamaza, kwani hatukuwa na jibu.

Malalamiko mengine yalikuwa na haki, ila tuliyaelekeza pasipo pake. Watoto hawa hujifunza kwenye mchanga na nyasi zilizoparara, ambako mpira hudunda upande wowote upendao. Hoki kubwa huchezwa juu ya nyasi bandia tangu Olimpiki ya Montreal ya 1976, na uwanja wa namna hiyo ni ghali kuuweka na kuutunza. Kabla ya hapo, katika Kombe la Dunia la kwanza lililochezwa Barcelona mwaka 1971, Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na Uhispania 1-0, kisha na India 2-1, ikamaliza ya nne ulimwenguni. Mara ya mwisho timu yetu ya wanaume kuonekana kwenye Olimpiki ilikuwa Seoul, 1988. Hata Pakistan, iliyotwaa kombe lile la 1971 na mengine matatu baadaye, ilikosa Olimpiki za 2016, 2020 na 2024. Mambo haya yana sababu nyingi, na uwanja ni mojawapo. Binti wa kidato cha tatu hakuuleta mchanga ule.

Imam Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi mbio. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia wake kijana, akamshinda. Jambo hilo likawawia zito Waislamu. Mtume alipoliona hilo akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakiinui kitu cha dunia ila hukishusha. Katika kisa hicho hatusomi kwamba ngamia alilaumiwa, wala bedui hakuonewa choyo.

Asubuhi, baada ya alfajiri, tulimwita binti tukamwomba radhi. Aliinamisha kichwa, akasema, "Baba, nilijua ni mguu wangu hata kabla refa hajapuliza." Kumbe lawama yote tuliyoibeba njiani, mwenyewe alikuwa amekwisha kujitwika.

Basi enyi wazazi wenzetu, mtoto anaposhindwa, iwe ni mchezo, iwe ni mtihani, iwe ni mashindano ya kuhifadhi Qur'ani, mpeni kwanza maji na chakula. Mwacheni aseme yeye mwanzo, au anyamaze akipenda. Makosa yatasahihishwa kesho, naye kocha wa kuyasahihisha yupo. Baba wa pili hana.

Hadi tunaandika haya, gongo liko pale pale nyuma ya mlango wa stoo. Jumamosi ijayo wana mchezo mwingine. Akilichukua, tutakwenda naye, na tumeahidi kwamba midomo yetu itakuwa na dua tu. Asipolichukua, tutakuwa tumejua gharama ya ulimi wetu.

Allah atuongoze katika malezi. Wabillahi tawfiq.