Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Kila mwalimu wa fizikia huwaeleza wanafunzi wake kwamba kipimajoto baridi kikitiwa katika maji ya moto yaliyo haba, hunyonya sehemu ya joto lile lile kinachotaka kulipima. Vivyo hivyo, amita iungwapo katika sakiti huongeza ukinzani, na mkondo wa umeme ukapungua. Somo hili aghalabu huishia maabarani. Maoni yangu ni kwamba hapana budi liingie pia katika somo la kompyuta, kwani huko hasara ya kulisahau ni kubwa zaidi.

Hifadhidata ni ghala la taarifa zilizopangwa kwa utaratibu, na kompyuta inayolihudumia huitwa seva. Ndani ya seva kila programu huazima sehemu ya kumbukumbu, kisha huirudisha imalizapo kazi. Programu yenye kasoro huazima bila kurudisha, kama jirani achukuaye sufuria leo na nyingine kesho, mpaka mwenye nyumba akose cha kupikia. Kasoro hiyo huitwa uvujaji wa kumbukumbu.

Tarehe 22 Oktoba 2012, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, baadhi ya seva za kuhifadhia data za kampuni ya Amazon zilishindwa kujibu maombi. Hifadhidata za wateja waliozitegemea zikakwama, na hata mtandao wa Reddit ukaathirika. Baadaye kampuni yenyewe ilieleza chanzo. Katika kila seva mlikuwa na programu ndogo iliyokusanya habari za matunzo ya mitambo na kuzipeleka kwa mashine nyingine. Mojawapo ya mashine hizo za kupokea habari iliharibika, ikabadilishwa, lakini anwani mpya haikufika katika madaftari yote ya anwani. Basi baadhi ya seva zikaendelea kuiita mashine isiyokuwapo, tena na tena, kwa namna iliyokula kumbukumbu polepole mpaka ikapungukia kazi yenyewe.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kumbukumbu ya seva hizo ilikuwa ikipimwa, ila kwa jumla tu. Kwa kuwa seva za aina hiyo hutumia kumbukumbu yao yote kwa kupanda na kushuka, ilikuwa vigumu kuweka kiwango cha hatari, na kengele haikulia. Kipimo kilionyesha kiasi kilichotumika, lakini hakikuonyesha ni nani aliyekitumia.

Iko pia hatari ya kumhukumu asiye na kosa. Katika mfumo wa Linux, kumbukumbu ikiisha kabisa, kiini cha mfumo huchagua programu ya kuikomesha, na kwa kawaida huichagua ile itumiayo kumbukumbu nyingi kuliko zote. Katika seva ya hifadhidata, hiyo huwa ni hifadhidata yenyewe. Fundi hufika akakuta imezimika, akaishuku, akaiwasha upya na kwenda zake, ilhali mwizi yu hai kando yake. Baada ya muda mambo huwa yale yale.

Wako watakaosema kwamba, ikiwa ndivyo, afadhali vyombo vya kupimia viondolewe. Hoja hiyo siikubali. Seva isiyopimwa ni gari liendeshwalo usiku bila taa. Lifaalo ni kukipima kipimo chenyewe. Amazon iliamua kuangalia matumizi ya kumbukumbu ya kila programu peke yake, na kuziwekea mpaka programu zisizo za lazima sana ili zisiweze kula sehemu ya wenzake.

Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu tuwazoeze wanafunzi kuuliza maswali matatu mtambo unapoanguka. Kwanza, ni nini kilichobadilishwa kabla ya hitilafu? Pili, kila programu ilitumia kumbukumbu kiasi gani, saa baada ya saa? Tatu, tukikisimamisha kwa muda chombo cha kupimia, je, hitilafu hukoma? Swali la tatu ndilo lisahauliwalo, kwa sababu tumezoea kumwona mlinzi kuwa hana hatia. Jaribio la kipimajoto, likifanywa kwanza katika kikombe na kisha katika ndoo, latosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba chombo kile kile chaweza kuwa na athari kubwa mahali padogo, na isiyoonekana mahali pakubwa.

Siku hizi matokeo ya mitihani, akiba ya dawa na hati za viwanja hutunzwa katika mitambo ya namna hii, na wanafunzi wetu ndio watakaokabidhiwa. Wakikumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako, hawatakwenda kumtafuta adui nje kabla ya kukung'uta nguo zao wenyewe.